Ukuta wa Duka la Kamaludin

Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa
12 Januari 2025

Mjomba wangu Faraj,

Assalam alaykum. Naanza na nyanya, maana najua ukifungua bahasha yangu wewe humtafuta yeye kwanza. Hajambo. Magoti yanamwuma akipanda ngazi, na akishafika juu hataki tena kushuka, kwa hivyo siku hizi mtu akitaka kumwamkia amfuate huko huko. Anakusalimu, na anauliza kama kofia aliyokushonea imekutosha au imekwenda kwa wapwa wa mkaza mjomba Mbodze huko Mazeras.

Nimekupigia simu mara mbili. Mara zote umesema "wa alaykum salaam" kwa sauti kubwa kisha ukakata. Mkaza mjomba amenieleza kwamba masikio yamezidi, na kwamba zile injini za reli zimekulipa haki yako yote. Basi nimerudi kwenye barua. Naipeleka Mwembe Tayari mwenyewe iingie basi la Nakuru.

Habari yenyewe ni hii. Nimeomba kazi ya mhandisi anayeanza, kwa kampuni inayokagua na kutengeneza majumba ya zamani. Nafasi ni mbili na waombaji ni utitiri. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa hesabu, kwenye kompyuta, na msimamizi anakutazama kwa kamera usije ukageuza hata jicho. Katikati ya mtihani nyanya akapita nyuma yangu na buli la chai, akasimama kuuliza yule mtu wa kwenye kioo ni nani na kwa nini hasalimu. Nilidhani nimekwisha. Alhamdulillahi nimevuka, na mahojiano ya ana kwa ana ni wiki mbili zijazo.

Tangu nihitimu nafundisha watoto hesabu za jioni huko Majengo. Watoto nawapenda, lakini hesabu zangu zinaanza kuota kutu. Niombee dua.

Mpwa wako,
Batuli

*

Nakuru
23 Januari 2025

Batuli mwanangu,

Wa alaykum salaam, na safari hii sikati. Kofia ninayo kichwani sasa hivi ninapoandika, mwambie mama. Nakuru ni baridi, na mkaza mjomba wako anachoma makaa mpaka ndani ya chumba cha kulala. Nikifa kwa moshi msiseme ni uzee.

Barua yako nimewasomea jirani wote, waliotaka na wasiotaka. Mhandisi katika nyumba yetu! Mama yako, Mungu amrehemu, angepiga vigelegele hadi Forodhani. Sasa nisikilize. Kwenye mahojiano vaa buibui lako safi, kaa wima, na wakikuuliza udhaifu wako ni upi, usiwe mjinga ukawaambia kweli. Waambie unapenda kazi kupita kiasi. Mimi niliingia reli kwa maneno hayo hayo.

Nami nina habari. Binti yangu Swabra amepata mchumba, kijana wa hapo hapo Kibokoni, na wazee wameshakuja na wakaondoka wakiwa wameshiba. Harusi ni mfungo mosi, baada ya Idi tu. Nikahi msikitini, na kutolewa nje bibi arusi ni nyumbani kwetu, ukumbi wa juu, penye kioo kikubwa. Mama yangu alitolewa nje pale, mama yako alitolewa pale, na Swabra atatolewa pale mbele ya wanawake wote wa Mji wa Kale, na vugo, ngoma yetu ya harusi, lipigwe mpaka mabati yalie. Mimi nimekaa bara miaka mingi kiasi kwamba watu wamenisahau. Siku hiyo watanikumbuka.

Mwambie mama aanze kufikiria pilau.

Mjomba wako,
Faraj

*

Kibokoni
6 Februari 2025

Mjomba,

Assalam alaykum. Nyanya ameanza kufikiria pilau na amekwisha kugombana na watu wawili kwa sababu ya bizari. Hongera kwa Swabra. Mimi nimefurahi kweli, na nakuomba ukisoma mbele usisahau jambo hili: nimefurahi.

Mahojiano nimeyavuka. Mkuu wao ni Injinia Awiti, mwanamke wa makamo, haongei sana, na ukijibu hunyamaza muda mrefu mpaka unatamani kubadilisha jibu. Aliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikasema nikiona kitu kimekaa upande siwezi kulala. Aliandika.

Hatua ya tatu ni ya nje. Kampuni ilitangaza kwamba anayetaka nyumba yake ya zamani ikaguliwe bure ajiandikishe. Kila mwombaji amepewa nyumba moja, aikague, aandike ripoti, aitetee mbele yao. Na mwisho wao humwuliza mwenye nyumba alivyotendewa na mkaguzi, na neno lake lina alama.

Nilipofungua bahasha yangu nilidhani wamekosea. Ni nyumba yetu, mjomba. Kamaludin wa duka la vitambaa la chini ndiye aliyejiandikisha, kwa sababu plasta inamwangukia kwenye majora, na jina la mwenye nyumba akaandika lako. Hakumwambia mtu.

Ningalisema pale pale kwamba ni kwetu. Sikusema. Nilitaka kwanza kuiona kwa macho ya mkaguzi, maana tangu nizaliwe naiona kwa macho ya mtoto wa nyumbani tu.

Nimeiona. Nimeweka ndimu katikati ya ukumbi wa juu, karibu na kiti cha nyanya. Ikaondoka yenyewe, ikabiringika taratibu mpaka chini ya kioo. Nyanya akacheka, akasema ndimu zote hufanya hivyo. Mlango wa chumba chake haufungi. Amekuwa akimwita seremala aupunguze, na kila mwaka anaupunguza tena. Mlango hauna kosa. Sakafu ndiyo inayoshuka.

Nikashuka dukani kwa Kamaludin nikahamisha majora. Ule ukuta wa katikati, uliokuwa unatenganisha duka na ukumbi wa chini, haupo. Kuna chuma kimoja chembamba kimepitishwa juu na kupigwa plasta ya simiti, kama kitambaa juu ya kidonda. Boriti zote za ukumbi wa juu zilikuwa zinalala juu ya ukuta ule. Sasa zinalala juu ya chuma kile, na nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haivumilii hivyo. Ncha za boriti mbili zimeoza. Nimezitia kisu kikaingia.

Nyanya na kiti chake sakafu inawabeba. Wanawake wote wa Mji wa Kale wakicheza vugo, haitawabeba. Nimepiga hesabu, nikarudia, nikarudia tena nikitamani nimekosea.

Nakuuliza kwa adabu, mjomba: ukuta ule aliuondoa nani, na lini? Ripoti itaniuliza. Na nakuomba Swabra atolewe nje mahali pengine.

Batuli

*

Nakuru
17 Februari 2025

Batuli,

Wa alaykum salaam. Hapa sote wazima. Mvua imenyesha kidogo, bei ya viazi imeshuka, na paka wa jirani amezaa kwenye kabati la mkaza mjomba wako. Swabra ameshona nguo ya kijani na ya dhahabu. Kadi zinachapwa.

Nyumba ile, mwanangu, ilijengwa kabla baba yangu hajaota ndevu. Imeona Sultani, imeona Mwingereza, imeona mvua zilizobeba mikokoteni Makadara. Arusi ngapi zimechezwa pale juu? Hakuna aliyewahi kuweka ndimu. Ukiweka ndimu Fort Jesus nayo itabiringika. Na usiniletee ile methali ya ufa na ukuta. Niliisikia kabla hujazaliwa.

Umesema plasta inamwangukia Kamaludin. Kamaludin ana mdomo, nitamwambia.

Sasa nakwambia kama mzazi. Ripoti yako ikienda, itakuja baraza la mji na rangi nyekundu, watie alama mlangoni, mama yangu atolewe kitandani kwake akiwa na umri ule. Unataka kuandika jina lako juu ya jambo hilo? Mchuma janga hula na wa kwao.

Na njia ipo, nyepesi, ya haki kabisa. Nenda kwa huyo Injinia Awiti umwambie kweli: hii ni nyumba ya jamaa zangu, si vizuri niikague mimi. Watakusifu kwa uaminifu, watakupa nyingine, na hii watainyamazia. Hukusema uongo, hukumwudhi mtu, kazi unaipata. Nani anaumia?

Sijawahi kukukumbusha nani alikusomesha, na leo sikukumbushi.

Faraj

*

Kibokoni
26 Februari 2025

Mjomba,

Assalam alaykum. Nyanya hajambo, anapanga futari. Mwezi ukionekana Ijumaa tunafunga Jumamosi, usipoonekana, Jumapili. Namwombea kila aliye Nakuru saumu njema.

Swali langu hukulijibu. Umeniambia habari za paka na za viazi.

Nimefanya ulivyoniambia, nusu. Nilikwenda kwa Injinia Awiti nikamwambia ile ni nyumba yetu na mwenyewe ni mjomba wangu aliyenilea. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Nikampa jibu baya nililokuwa nalo: nilitaka kuiona. Akaandika tena. Kisha akasema nitapewa nyumba nyingine, na alama nimepunguziwa kwa kuchelewa kusema.

Hapo ndipo njia yako nyepesi ilipoishia, na ningeweza kuaga. Kijana wao mmoja, Griffins, alikuwa tayari ananifungulia mlango. Nikatoa ripoti ya nyumba yetu mkobani nikaiweka mezani. Nikasema, hii msinipe alama, lakini isomeni, kwa sababu juu yake kutakuwa na harusi.

Wameichukua. Awiti amesema kwa kuwa niliikagua kabla ya kusema, mwenye nyumba ataulizwa vilevile. Anajua ni mjomba. Amesema, "Neno lake tutalisikiliza kwa tahadhari, lakini tutalisikiliza." Kwa hivyo kazi yangu sasa iko mdomoni mwako, na nimeitia mwenyewe. Maji nimeyavulia nguo.

Kuna jambo jingine. Nilimwuliza Kamaludin lile swali usilonijibu. Alijaribu kunionyesha vitambaa vya Swabra, nikamkatalia. Mwishowe akasema ukuta ulivunjwa mwaka ule alipotaka duka pana, akakubali kulipa kodi kubwa zaidi. Nikamwuliza ni mwaka gani. Akanitajia. Mjomba, ni mwaka ule nilioitwa chuo kikuu.

Nimekaa ngazini tangu alasiri. Nyanya ananiita nile, sina njaa. Nilidhani pesa za ada zilitoka kwenye malipo yako ya reli, ndivyo ulivyosema. Sasa sijui nikuulize vipi. Uliubomoa kwa ajili yangu?

Batuli

*

Kibokoni
19 Machi 2025

Mjomba,

Assalam alaykum na Ramadhani karimu. Nyanya amefunga zote mpaka sasa na hataki kusikia habari ya daktari. Futari yetu ni mihogo ya nazi, na jirani hutuletea vibibi vya mchele.

Barua yangu ya mwezi uliopita imefika. Mtu wa basi ameniambia mkaza mjomba alikuja kuichukua mwenyewe. Hukujibu, na sikulaumu.

Nyumba ya pili ilikuwa Makadara, nimeikagua na kuitetea. Mwenzangu mmoja katika waombaji, Levi, ametetea yake siku ile ile, na tukatoka nje pamoja. Mwenye nyumba hiyo ameshaulizwa, kilichobaki ni neno lako. Griffins anasema wamepiga simu tatu. Unapokea, unasema salamu, unakata. Wanafunga hesabu kabla ya Idi, na asiyekuwa na neno la mwenye nyumba faili lake linawekwa kando.

Hilo ni langu, nitalibeba. La pili ni letu sote. Kadi za Swabra zimefika hapa, nzuri, zina ukingo wa dhahabu, na chini imeandikwa ukumbi wa nyumba ya Kibokoni. Wanawake wameshaanza kuulizana watakaa wapi ili waone vizuri. Wanasema chini ya kioo. Ndipo ndimu inapokwenda.

Juzi kipande cha plasta kikubwa kama sinia kimeanguka dukani. Kamaludin alikuwa amekwenda kuswali.

Jana usiku kabla ya daku nyanya akaniuliza kama mama yangu alipotolewa nje, sakafu ilikuwa sawa. Nikamwambia ilikuwa sawa, ukuta ulikuwepo. Akasema, "Basi mwambie Faraj." Hakusema nikwambie nini.

Mimi naogopa, mjomba. Siogopi kukosa kazi peke yake. Naogopa siku ile. Kama kadi hazikubadilika, nitasimama mlangoni mwetu na kuwarudisha wageni mmoja mmoja, wewe ukiwa unatazama, na Swabra akiwa ndani amepambwa. Itakuwa aibu ya kusimuliwa. Nimeshaamua, na nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia.

Batuli

*

Nakuru
27 Machi 2025

Batuli mwanangu,

Wa alaykum salaam. Saumu inatumaliza, nasi tunaimaliza. Paka wote watano wameanza kukimbia na mkaza mjomba wako amewapa majina, kwa hivyo hawatatoka tena.

Watu wako walipiga simu jana adhuhuri, nimelala. Mimi nilihisi mtetemo tu. Mbodze akapokea kabla sijaifikia, na nadhani alikuwa ameivizia. Yule mwanamke anasema kule, Mbodze ananipigia kelele sikioni huku, mpaka muuza maziwa barabarani akasimama kusikiliza. Waliuliza kama ulibisha hodi vizuri. Nikasema alizaliwa humo, abishe hodi kwa nani? Waliuliza kama ulieleza hatari kwa lugha ya kueleweka. Nikasema nimeielewa mpaka sijalala.

Kisha wakauliza kama mkaguzi alinitendea haki mimi mwenye nyumba.

Nikavua kofia. Mbodze akasema mzee, wanangoja. Mwanaume mzima nimeshika kofia ya mama yangu mkononi naigeuzageuza. Nilikuwa na maneno mawili tayari, Batuli, na lile la kwanza lilikuwa baya, nakwambia usije ukanidhania malaika. Nikamwambia Mbodze, "Waambie alinitendea haki hata pale nilipomwomba asinitendee."

Mbodze hakulipeleka. Akaniangalia. Ikabidi niliseme tena, na mara hii nikalisema mwenyewe ndani ya simu, kwa sauti yangu ya kiziwi, wakalisikia huko hata bila simu.

Swabra amelia siku moja nzima. Kisha akasema hataki kutolewa nje kisha akaangukia ndani ya duka la Kamaludin na kioo juu yake. Yule mtoto ana ulimi, sijui kautoa wapi. Tumepata ukumbi wa kukodi huko Makadara. Kadi zilizochapwa tutazirekebisha kwa kalamu, na atakayecheka mwandiko wangu asile pilau yangu.

Waambie wahandisi wako waje watie miti ya kuegemeza, mlango uko wazi. Mama asihamishwe kwa nguvu. Mhamishie kitanda chumba cha nyuma, mwambie ni mimi nimesema, atakutukana kidogo kisha atakubali.

Swali lako nimeliona. Mbodze pia ameliona. Adhana inakaribia, wacha nikatie maji tende.

Mjomba wako,
Faraj

*

Kibokoni
23 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Assalam alaykum. Tangu mrudi Nakuru nyumba imekuwa kimya, na nyanya anasema kimya chenyewe kina kelele. Bado anasimulia harusi kwa kila anayepanda ngazi. Anasema ukumbi wa Makadara ulikuwa na baridi ya mashine na viti vya plastiki, na kwamba Swabra alikuwa mzuri hata hivyo. Akisimulia hufika mahali vugo lilipopamba moto, wanawake wote wamesimama, sakafu inalia, na hapo huitazama sakafu yetu. Kisha anaendelea na pilau. Nilikuona siku ile umesimama nje ya dirisha, mkono umeuweka ukutani. Ulikuwa husikii ngoma, ulikuwa unaigusa. Sikukujia, nikakuacha.

Nimepata kazi. Sisi wawili, mimi na Levi. Injinia Awiti aliniita akaniambia alama zangu zilikuwa chini ya za wengine wawili, kwa sababu ya lile la kuchelewa kusema. Akafunga faili. Kisha akasema neno la mwenye nyumba ndilo lililonivusha, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kusikia mwenye nyumba akisema hivyo. Nikamwambia kwamba wewe, mjomba, husemi mengi. Akasema, "Nilimsikia. Jengo zima lilimsikia."

Nyumba yetu siruhusiwi kuigusa, kanuni ya jamaa. Amepewa Levi. Miti ya kuegemeza imesimama dukani, Kamaludin anatundikia vitambaa kwenye hiyo hiyo, biashara haikomi. Boriti zilizooza zitabadilishwa, na plasta ya simiti itabanduliwa irudi chokaa. Jana Levi amenionyesha mchoro nje ya ofisi, kama jirani tu. Ukuta unarudi palepale ulipokuwa, kwa mawe.

Kwa hivyo duka litakuwa dogo tena. Kamaludin amenisimamisha sokoni akauliza, kodi ikipungua, ile sehemu iliyokuwa ikiendea matumizi ya nyumba nani ataijaza? Nimemwambia mimi. Mshahara wa kwanza ni mwisho wa mwezi. Usibishane nami katika hili, maana nitajifanya sisikii, na nimejifunza kwa bingwa.

Lile swali langu la Februari, mjomba, la ukuta na ada yangu, nimelifuta. Usilijibu.

Mwanao,
Batuli